Aliyeikataa Mashine Ni Mimi

Rukia mwanangu,

Amani ya Mungu iwe nawe, na ukisha kuipokea, kaa kitako. Leo babako ana maneno mengi, jambo ambalo hukulizoea.

Alasiri hii umetoka na shangazi yako kwenda kuaga watu wa mtaa wa Langoni, na kwa ninavyomjua shangazi yako hamtarudi kabla ya magharibi, maana hakuna nyumba atakayokubali kuipita bila kuketi. Nimefunga bucha mapema. Wateja wamenuna, lakini mtoto ninaye mmoja tu na kesho anaondoka. Nimechukua kalamu uliyoiacha juu ya kabati, nikakaa ukumbini peke yangu.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, kufunga mlango, wala kuchagua marafiki. Shangazi yako amekuhubiria hayo wiki nzima mpaka nikaionea huruma Nairobi yenyewe. Mimi nataka kukuambia jambo la mamako. Juzi ulipokuwa ukipanga nguo, shangazi yako alikutolea leso moja ya marehemu akakwambia uende nayo. Ukasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpe mwengine, shangazi. Mimi yule hakunitaka." Ukaendelea kukunja nguo. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya embe mkononi, nikarudi nayo jikoni.

Si kweli, Rukia. Mamako alikutaka kuliko alivyoitaka afya yake. Uliyoyaona ulipokuwa na miaka minane uliyaona sawasawa, lakini sababu yake hukuijua, na anayeijua ni mimi. Nimekaa nayo miaka kumi na minne. Kwanza nilifikiri niitie barua hii ndani ya begi lako uikute huko Nairobi, nikaona huo ni uoga ule ule wa siku zote. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi, uisome leo, na kesho asubuhi uamke ukijua.

Unakumbuka safari yetu ya India. Wewe uliambiwa mama anakwenda kutibiwa tumbo, ukaagiza bangili. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, na damu ilikuwa ikimtoka kila mwezi hadi anashika ukuta akitembea. Mjomba wako Salim alitoka Mombasa akaongozana nasi, kwa kuwa Kiingereza chake kimenyooka na changu ni cha kuelewana na watalii wanaopotea njia.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. Akatuketisha, akatuchorea tumbo kwenye karatasi. Alisema uvimbe ule unaweza kutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupasua tumbo, mpasuo wa shubiri nzima. Ya pili ni kutoboa vijitundu vichache, vidogo, kisha vyombo vyembamba vinaingizwa humo vikiwa vimeshikwa na mikono ya mashine, na yeye mwenyewe anakaa kwenye kiti chake hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukubwa na kwa uwazi, akiviendesha kwa vidole vyake. Akatuonyesha kwa mkono: yeye akigeuza kifundo, kule ndani chombo nacho kinageuka, kidole chake kikitetemeka, kule hakitetemeki. Kwa njia hiyo, alisema, wagonjwa wengi hupoteza damu kidogo, huumwa kidogo, hutoka hospitali mapema na kurudia kazi zao mapema. Hakutuahidi pepo. Alisema kila njia ina hatari zake, na kwamba akiingia ndani akakuta mambo magumu huenda akalazimika kupasua vile vile. Lakini kwa hali ya mamako, yeye aliiona njia ya pili inafaa.

Salim alipomaliza kufasiri, mamako hata hakunitazama. Alisema, "Hii ndiyo niitakayo. N'na mwana mdogo nyumbani, nataka kurudi upesi."

Mwana mdogo ni wewe. Soma tena mstari huo kabla ya kuendelea.

Mimi nikasema hapana.

Unaijua kazi yangu. Nimechinja tangu nilipokuwa kijana, mbuzi wa arusi, mbuzi wa maulidi, mbuzi wa hitima. Kisu kwangu ni mkono wa mtu, nia yake, na jina la Mungu kwenye ulimi wake. Kimoja kikikosekana, nyama ile sijui niiiteje. Basi nikamwona akilini mke wangu amelala, na kinachomkata ni chuma kisicho na nia wala ulimi. Nikasimama pale mbele ya daktari wa watu nikasema, "Kisu kisichoshikwa na mtu hakimgusi mke wangu. Hiyo mashine itasoma bismillahi?"

Salim aliona haya kufasiri. Mamako akanishika kanzu chini, kama alivyokuwa akifanya nikianza kubishana na watu. "Bismillahi taisoma mie, baba Rukia," akasema.

Ilikuwa imetosha. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya shemeji yangu na mbele ya mwanamke msomi, na unajua mimi nikisha kusema ninavyokuwa. Daktari akaeleza tena kwamba anayepasua ni yeye, kwamba mashine haifanyi jambo bila mikono yake. Nilimsikia, ila sikutaka kuelewa. Kisha akamgeukia mamako, si mimi, akamuuliza yeye mgonjwa anasemaje. Mamako akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Na iwe kama asemavyo babake mwana." Daktari akamuuliza mara ya pili, naye akajibu vile vile, akatia saini.

Nilitoka mle chumbani nimevimba kifua, nikijiona nimemlinda mke wangu.

Nataka uwe mwadilifu hapa, kwa kuwa wewe ni muuguzi na mimi ni mchinjaji tu. Simlaumu yule daktari. Alimpasua kwa usafi, uvimbe ukatoka wote, na wako watu wengi waliopasuliwa hivyo wakapona vizuri, na wako ambao hawana njia nyingine. Labda hata mashine ingekuja na balaa lake. Sijui, na sitajua. Ninachojua ni kwamba mamako alipewa nafasi ya kupona kwa wepesi, akaitaka kwa mdomo wake, nami nikamnyang'anya.

Tulirudi hapa Amu akiwa anatembea kwa kuinama. Siku chache baadaye kidonda kikashika moto, kikatoa usaha, kikafumuka upande wa chini. Muuguzi wa hospitali ya hapa alikuwa akija kukisafisha, na mamako aliuma pembe ya mto ili wewe uliyekuwa chumba cha pili usisikie. Kilipofunga, baada ya miezi, utumbo ukaanza kusukuma chini ya kovu, ikawa ngiri, ikabidi apasuliwe tena Mombasa. Miaka miwili, Rukia. Miaka miwili aliambiwa asiinue hata ndoo ya maji. Ndiyo miaka uliyokaa Chundwa kwa mamangu, ukijifunza kupalilia mtama na kulala kwenye mkeka wa bibi yako, ukimwita yeye mama.

Kuhusu kifo chake, usikifungamanishe na hayo. Alikufa kwa homa ya mapafu wewe ukiwa na kumi na saba, na hilo unalijua. Nisijitwike zaidi ya nilichokitenda, kilichopo kinanitosha.

Mwaka jana Mwalimu Shee wa madrasa alikwenda Nairobi. Ulisikia kwamba ni ugonjwa wa wazee wanaume, tezi ile, na kwamba ilikuwa na saratani. Nikaagana naye moyoni, Mungu anisamehe. Baada ya wiki chache nikamwona anaingia bucha kwa miguu yake, anataka nyama ya mchuzi.

"Mwalimu, wewe si umepasuliwa?"

"Nimepasuliwa. Kwa hiyo mashine mpya."

Akapandisha shati pale pale, kati ya mbuzi walioning'inizwa, akanionyesha tumbo. Alama ndogo ndogo, tano au sita, kila moja ingefunikwa na ncha ya kidole. Nilitafuta ule mpasuo mrefu nilioujua, sikuuona. Akaniambia siku ya pili alikuwa akitembea ukumbini mwa hospitali. Hakunificha mengine: mrija wa mkojo ulimkera mpaka akataka kuung'oa, na kuna mambo yalikuwa bado hayajakaa sawa, daktari alimwambia asubiri. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu anachagua mfupa.

Nikamuuliza lile swali. Miaka yote sikuwahi kumuuliza mtu mwenye elimu, nadhani niliogopa jibu. "Na bismillahi je, Mwalimu? Na ile ni mashine."

"Niliisoma mwenyewe kabla usingizi haujanitwaa. Kwani walikuwa wanitinda?"

Akacheka, ati yeye kuchinjwa. Mimi sikucheka. Nikamsimulia yote, India, kidonda, wewe kwenda Chundwa. Alinisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni.

"Bwana Athmani," akasema, "ulimfanya mkeo mbuzi? Mbuzi hana ulimi wa kuisoma, ndipo ukamsomea wewe. Mkeo alikuwa na wake."

Akachukua nyama yake akaenda zake. Sikumlipisha, wala yeye hakukumbuka kulipa. Nilikaa juu ya gogo la kukatia nyama mpaka adhana ya adhuhuri, watu wakija nikiwaambia nyama imekwisha, na nyama imejaa tele.

Siku uliporudi na barua ya kwamba umechaguliwa kwenda kujifunza kazi ya chumba cha upasuaji, tena kwenye mashine hiyo hiyo, ulikaa hapa ukumbini ukanieleza kwa furaha hadi mchuzi ukapoa. Ulisema wewe utakuwa kando ya mgonjwa, ndiwe utakayeivisha mikono ya mashine nguo zake safi na kubadilisha vyombo daktari akitaka, na mambo yakiharibika wewe ndiwe uliye karibu. "Baba, haikati yenyewe," ukanieleza kwa subira, "mikono ni ya daktari." Mimi nikabaki nimeinamia sahani, ukadhani nimechoka, ukaniondolea. Nilikuwa nikikusikia wewe na nikimsikia yule daktari wa India, maneno yale yale, na safari hii yaliniingia vizuri.

Ndiyo maana sitakuomba mengi juu ya kazi yako, unaijua kunishinda. Nina moja tu. Siku moja utamkuta mume wa mtu kwenye korido, au baba wa mtu, amesimama wima anasema mashine haimgusi mgonjwa wake. Atakuwa na sababu ambayo itakuchekesha. Usimcheke. Mimi nilichekwa na kijana mmoja aliyekuwa akisukuma vitanda pale India, na kicheko kile kikanikaza zaidi. Mpeleke mtu huyo kando umwonyeshe mikono ya daktari inapokaa. Kisha mwache, umwendee mgonjwa, umuulize yeye, na kama kuna namna ya kumuuliza akiwa peke yake, fanya hivyo. Mamako angeulizwa bila mimi kusimama pale, angejibu lililo lake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo.

Uliporudi kutoka Chundwa ulikuwa na miaka kumi, mrefu, mkavu wa maneno. Ulimwamkia mamako kama mtu anavyomwamkia jirani. Alijaribu. Alikusuka, ukakaa kimya akikusuka. Alikupikia mkate wa sinia, ukasema wa bibi ni mtamu zaidi. Siku moja tukila, akakuuliza kwa nini humkalii karibu, ukamjibu, "Si ulinifukuza?" Akaacha kula. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Alikuwa akinisubiri niseme. Ilikuwa kazi ya maneno matatu, manne. Nikaomba maji ya kunawa, nikanawa, nikatoka.

Hakuwahi kukuambia mwenyewe. Baadaye nilimuuliza kwa nini, naye akasema mtoto akimchukia mzazi mmoja yatosha, wa pili abaki. Alikuachia mimi. Nimeishi kwa heshima yako, mwanangu, miaka yote hii, na heshima hiyo ilikuwa yake.

Na ile siku ya kwenda Chundwa, nitakueleza ilivyokuwa upande wetu. Jana yake kidonda kilikuwa kimefumuka. Chini ya leso alikuwa amefungwa kitambaa juu ya kitambaa, na mrija umetoka ubavuni. Mimi ndiye niliyeamua uende. Nilimwambia mamako asikuonyeshe kitu na asikuambie kitu, kwa sababu ukijua anaumwa hivyo hutakubali kupanda boti. Alikataa. Akasema, "Mwana akae, hata kama simpikii, amuone mamake." Hilo pia nilimshinda.

Akataka kusimama akuage mlangoni. Nikamsaidia kusimama, nikamwegemeza ukutani. Wewe ukatoka chumbani mbio, na gauni lile la manjano, mikono umeinyoosha, ukitaka akubebe kama zamani. Na yeye akaweka kiganja mbele, akakuzuia. Uliona mamako amekusukuma. Mimi nilikuwa nyuma yako, niliona uso wake. Alikuwa anakuzuia wewe na mkono mwengine umeshika tumbo, na mdomo ameufunga kwa nguvu zote kwa sababu angeufungua angepiga ukelele. Ungemrukia, kile kidonda kingefunguka chote mbele ya macho yako. Nikakushika mkono nikakutoa nje upesi, nikimshukuru kwa kunyamaza.

Niliporudi kutoka botini nilimkuta pale pale, chini ya ukuta, amekaa sakafuni. Hakuweza kuinuka mwenyewe na hapakuwa na wa kumwinua. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu.

"Amegeuka kuniangalia?"

Nikasema, "Amegeuka. Amegeuka mara mbili."

Hukugeuka, Rukia. Ulitembea mbele yangu mpaka mwisho wa kichochoro umekunja ngumi, na kichwa chako hukukigeuza hata kidogo. Lakini yeye aliamini. Ile miaka miwili, maumivu yakimzidi, alikuwa akinitaka nimsimulie tena ulivyogeuka, mara ya kwanza ukiwa wapi, na mara ya pili, na kama ulikuwa ukilia. Nami nilimsimulia. Kila mara niliongeza kidogo. Alilala kwa uwongo ule, na alikufa akiujua kuwa ni kweli.

Nakuandikia haya nikijua huenda ukaondoka kesho na heshima uliyonipa ukaondoka nayo. Chukua, ni haki yako, na iliyo ya mamako mrudishie mwenyewe. Nitakukosa sana. Nyumba hii itakuwa na mtu mmoja na sufuria nne, na nitakuwa nikisikiliza ngazi kama ninavyosikiliza sasa hivi, nikidhani ni nyinyi mnarudi.

Nakuomba moja, na ukikataa sitakulaumu. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kupanda boti ya Manda, kwenye uwanja wa ndege, nitasimama mlangoni, ukutani pale pale. Ukifika mwisho wa kichochoro, geuka.

Usigeuke kwa ajili yangu.

Babako,
Athmani